Diski Isiyo na Jina

Gatsata, Kigali
28 Februari 1993

Kaka yangu Léonce,

Nakuandikia nikiwa dirishani, shati la Gasana mapajani linangoja kifungo. Hata vifungo vyake navipenda, Kaka. Cheka tu. Wewe ndiye uliyeniambia siku ya harusi kwamba baada ya mwezi nitaanza kuona kasoro. Leo ni siku ya hamsini na kasoro sijaiona, labda kwamba anakula haraka mno, na hata hilo nalipenda, maana anamaliza mapema akabaki ananitazama mimi nikila.

Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambie kile kitenge cha kijani nilikivaa kanisani, wanawake wakaniuliza kimetoka wapi. Nikasema: Buyenzi, Bujumbura. Nilijisikia kama nimetaja Paris. Sisi hatujambo, ingawa barabara ya kaskazini inapita hapa kwetu, na tangu mapigano yaanze upya tunawaona watu wakishuka na magodoro, mbuzi na watoto. Juzi alipita mzee amebeba mlango wa nyumba yake. Mlango tu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Gasana anachora ramani za maji, ofisi yake iko Kicukiro. Wanapima chemchemi kwa ajili ya hao waliokimbia, na kazi ni nyingi kuliko watu. Ramani zinachorwa kwenye kompyuta ya ofisi, na kwa kuwa jioni kutembea ni marufuku, akichelewa analala huko huko kwenye mkeka. Wiki iliyopita alilala huko mara tatu. Mara tatu, Kaka, na mimi bibi arusi!

Na hapa nyumbani kompyuta ipo. Ni ya Databukwe, baba yake Gasana. Jina lake silitaji: dada yake, Shangazi Mukasine, amenifundisha gutsinda kama walivyofanya wanawake wa zamani, kwamba mke halitamki jina la baba mkwe wake wala haliandiki, na mimi nalitimiza kuliko hata wenyeji. Kuna wazungu aliokuwa akiwafundisha Kinyarwanda. Vita vilipoanza wakafunga ofisi, wakamwachia kompyuta mbili, moja nzima na moja mbovu. Mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tisa, aliyewahi kufundisha hata huko Bujumbura ujanani mwake, akajifundisha mwenyewe kuandika kwa vidole viwili. Anaandika nyimbo za kubembelezea watoto. Yeye na mkewe walizikusanya miaka kumi na moja, kilima kwa kilima. Mkewe ndiye aliyeingia ndani kwa wanawake, kwa sababu hakuna atakayembembeleza mtoto mbele ya mwanamume mwenye kalamu. Ziko mia mbili na kumi na nne. Madaftari yaliingia maji, akawahi kunakili kilichosomeka kabla wino haujaenda zake. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, na nyimbo zote zimo ndani ya mashine hiyo. Asubuhi nikisikia anagonga kidole kimoja kimoja, najua anazungumza naye.

Tatizo ni hili. Kompyuta ya Databukwe inaendeshwa na mfumo wa DOS, na ramani za ofisi zinataka mfumo mwingine uitwao Unix. Gasana anasema mifumo hiyo isilazwe chumba kimoja, kila mmoja upewe diski yake. Databukwe naye kasema diski yake asiiguse mtu. Lakini ile kompyuta mbovu ina diski nzima, pacha kabisa wa ile nyingine. Ikichomekwa ndani ya mashine nzima, moja itakuwa ya baba na nyingine ya mwana, na kila anayekaa ataiambia mashine ianzie wapi. Disketi za Unix zipo kabatini. Kinachokosekana ni muda wa kuifanya.

Gasana ameondoka juzi kupima maji, atarudi baada ya wiki mbili na nusu. Nataka arudi akute kazi imekwisha, na kuanzia siku hiyo awe nyumbani saa kumi na moja. Bisibisi ninayo, na masomo ya ukatibu uliyonilipia hayakupotea bure. Wewe ni fundi wa kompyuta. Niandikie hatua kwa hatua kama unavyomwandikia mtoto, na usimwambie mtu.

Dada yako mwenye furaha hadi aibu,
Spès


Bujumbura
5 Machi 1993

Mdogo wangu Spès,

Barua yako nimeipata kwa yule dereva wa basi anayetubebea, na nimemsomea Mama, isipokuwa sehemu za vifungo. Magoti yanamsumbua asubuhi tu. Anauliza kama umeshaanza kupika kama watu wa huko au bado unaweka pilipili. Anasema pia umwambie Gasana apunguze kutazama watu wakila.

Kazi yako ni ndogo. Hapa kwenye kituo chetu cha kompyuta tunaifanya kila mwezi. Zima mashine, chomoa umeme, fungua kifuniko. Utaona waya bapa wa kijivu unaotoka kwenye ubao hadi kwenye diski. Waya huo una mdomo wa pili usio na kitu. Hapo ndipo pa diski mpya. Nyuma ya kila diski kuna vipini na kidaraja kidogo cha plastiki kinachosema ipi ni kiongozi na ipi ni mfuasi. Usivihangaikie sana. Diski iliyotangulia kuingia ndiyo kiongozi siku zote, kama mke mkubwa.

Lakini kabla hujafungua chochote, ingia DOS uipe diski ya Mzee jina. Andika jina lake mwenyewe, amri ni LABEL. Hili usiliache. Sababu ni kwamba baadaye utawasha kwa disketi, na mashine itaziita diski kwa herufi: ya Mzee itakuwa C, ya Gasana D. Utaiambia isafishe D. Kabla ya kufuta itakuuliza: diski hii inaitwaje? Ile mpya haina jina, kwa hiyo bonyeza Enter tu, itakubali. Kama kwa bahati mbaya umeshika diski yenye jina, itakataa mpaka uliandike jina hilo. Hiyo ndiyo kufuli yako.

Ikishasafishwa, weka disketi za Unix moja baada ya nyingine, na ikikuuliza diski gani, chagua ya pili.

Nimefurahi kwamba umeniuliza mimi. Mama amewaambia majirani wote kwamba sasa nafundisha hadi Rwanda.

Kaka yako,
Léonce


Gatsata
22 Machi 1993

Kaka Léonce,

Mungu awatunze nyote. Mvua zimeanza na mtaro wetu umeziba. Shangazi Mukasine alikuja na maharagwe. Mwambie Mama pilipili naweka, lakini pembeni ya sahani.

Kompyuta ina mifumo miwili sasa. Unix inawaka, ramani zinaonekana, mito ni ya buluu. Gasana yuko nyumbani kila siku saa kumi na moja, kama nilivyotaka.

Ana mikono mizuri sana, Kaka. Sijui kama nimewahi kukuambia hilo. Nikimtazama akichora mstari wa maji najiuliza nimefanya jema gani nipewe mtu kama huyu. Najiuliza kwa kweli, si kwa maringo.

Nina swali la rafiki yangu mmoja. Ikiwa mtu alifuta diski kwa makosa, halafu akaweka mfumo mwingine juu yake, je, kuna njia ya kurudisha kilichokuwepo? Hata nusu? Rafiki huyo anaomba ujibu upesi. Nimempa dereva barua hii mkononi na nimemwomba akusubiri.

Spès


Bujumbura
17 Mei 1993

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa kila mtu anazungumzia uchaguzi wa mwezi ujao, hata kituoni kazi inasimama watu wakabishana. Mama hajambo. Alianguka kidogo sokoni lakini aliinuka mwenyewe, na aliyecheka alitukanwa.

Kuhusu rafiki yako. Mambo hayo hutegemea. Kuna mafundi wanaojua zaidi upande huo na kwa sasa hawapo. Asiiguse mashine, ndilo ninaloweza kusema.

Na kama rafiki huyo ni mke mgeni katika nyumba, ushauri wangu wa kaka ni kwamba asikimbilie kusema. Nyumba ya watu haijulikani kwa miezi minne. Maji yakitulia atajua pa kukanyaga.

Umeandika kidogo safari hii. Umeshiba mapenzi?

Léonce


Gatsata
6 Juni 1993

Kaka Léonce,

Natumaini Mama hana jeraha. Mpake yale mafuta mekundu. Mimi sijambo mwili.

Hakuna rafiki. Ni mimi. Ulijua, na ndiyo maana uliandika "mke mgeni".

Nitakueleza yote mara moja. Jumamosi moja mwezi Machi Databukwe alikwenda kumzuru dada yake, Shangazi Mukasine, nikabaki peke yangu. Niliwasha mashine niipe diski yake jina kama ulivyosema. Nikaandika amri, ikaniuliza jina. Kaka, vidole viligoma. Miezi miwili mizima nilikuwa nimejitahidi nisilitamke jina lile hata moyoni. Ukumbini kuna barua ukutani yenye jina lake. Nikiipita nainamisha macho. Nikafikiri: nitaliandikaje sasa, tena kwa siri, yeye hayupo? Ningeweza kuandika neno lingine lolote. "Mwalimu". "Nyimbo". Halikunijia. Nilikuwa na haraka na furaha, na nikajisemea kwamba mimi si mtu wa kuchanganya vitu viwili. Nikabonyeza Enter, nikaiacha bila jina.

Diski zikiwa mbili, mashine ilikataa kuwaka. Nilijaribu mara nne. Nikakumbuka vidaraja, nikahamisha kimoja, ikawaka, nikapiga makofi peke yangu. Sikujua kwamba nimeifanya diski ya Databukwe kuwa mfuasi na ile ya wazungu kuwa kiongozi. Nikasafisha D. Ikauliza: diski hii inaitwaje? Nikabonyeza Enter. Haikukataa. Itakataaje, na sikuwa nimeipa jina?

Niliweka disketi za Unix zote ishirini na mbili nikiimba. Nilipomaliza nikaianzisha kwenye DOS niione kazi ya Databukwe ilivyo salama. Nikakuta barua za wazungu kuhusu matairi ya gari.

Nilikaa sakafuni. Databukwe aliporudi nilimwambia kichwa kinaniuma, na kweli kiliniuma. Siku mbili hakuifungua. Siku ya tatu Gasana alirudi, vumbi hadi kwenye kope, nikamwambia mlangoni kabla hajavua viatu. Alinishika uso kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi Databukwe alikaa mbele ya mashine, akagonga, akagonga tena, kisha akaita: "Nyimbo ziko wapi?"

Nikafungua mdomo. Gasana, ambaye humwita baba yake Data, akanitangulia. "Ni mimi, Data. Niliziweka vibaya diski jana usiku. Nimefuta yako."

Mzee hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zote?" Gasana akasema zote. Mzee akachukua kofia yake, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka: "Umemzika mama yako mara ya pili, na safari hii hukunialika."

Tangu siku hiyo hajamwita mwanawe kwa jina. Wanapishana uani kama watu wa foleni. Kwenye ubatizo wa mjukuu wa Shangazi, pombe ya ndizi iliwekwa katikati, mirija ikatiwa, na Gasana alipoinama anywe, baba yake akauchomoa mrija wake mwenyewe, akaufuta, akautia mfukoni mbele ya ukoo wote. Shangazi akamwuliza, "Kaka, umeshiba?" Akajibu, "Nimeshiba watoto."

Na mimi, Kaka, ananipenda zaidi kuliko mwanzo! Ananiita mwanangu. Ananihifadhia ndizi iliyoiva. Juzi aliniambia, "Wewe ndiye uliyebaki katika nyumba hii mwenye adabu." Nilikwenda jikoni nikauma kitambaa.

Zilizobaki ni nyimbo thelathini na moja, alizokuwa amempa padri kwenye disketi. Mia moja themanini na tatu hazipo.

Kila siku namwambia Gasana: niache niseme. Anasema: "Mimi ni mwanawe, atachoka kunikasirikia. Wewe akikufukuza, sitakurudisha kwa nguvu, na bila wewe sitaki nyumba." Nampenda hadi napata hasira. Amekonda. Ananipa raha yangu kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaficha jeraha lake, na mimi naiona mikono yote miwili.

Niambie mambo mawili. La kwanza, kuna njia ya kuzirudisha? La pili, nifanye nini? Usiniandikie "hutegemea".

Spès


Bujumbura
29 Agosti 1993

Spès,

Mama ni mzima. Mavuno ya maharagwe kwa mjomba yalikuwa mazuri. Nimeanza barua hii mara tano, kwa hiyo nisiongeze salamu.

Mimi si fundi.

Tangu mwaka 1989 kazi yangu kituoni ni funguo. Nafungua chumba cha kompyuta saa moja asubuhi, nafuta vumbi, napokea maboksi, napeleka chai, nafunga. Ile picha iliyo ukutani kwa Mama, nimevaa koti jeupe mbele ya mashine, koti ni la Jean-Berchmans. Yeye ndiye fundi. Alinivalisha kwa mzaha, mpiga picha akapita. Mama alipoiona akalia kwa furaha, na sikupata pa kuanzia kumweleza. Baadaye ulikuja wewe ukaanza kuwaambia wenzako shuleni, nikazidi kukosa pa kuanzia.

Yote niliyokuandikia Machi niliyaokota nikiwa nimesimama nyuma ya Jean-Berchmans na sinia. Niliyoyaona nilikuandikia. Nisiyoyaona sikujua kwamba hayapo. Ningeweza kumwuliza, alikuwa mita tatu kutoka nilipoketi. Lakini angeniuliza, "Nani anakutaka wewe ufundishe?" na nisingestahimili kicheko chake.

Nimemwuliza wiki iliyopita. Nimemwambia yote, na hakucheka. Alisema mambo mawili ambayo kila fundi anayajua. Kwanza, unapoweka mfumo kwenye diski mpya, diski ya zamani unaichomoa waya kabisa, inakaa mezani hadi umalize. Huwezi kufuta kisichochomekwa. Pili, kabla ya kufuta unatazama ndani, amri ya herufi tatu, DIR, uone kuna nini. Na akasema kidaraja ndicho kinachoamua nani kiongozi, si aliyetangulia kuingia. Ule mfano wa mke mkubwa niliutunga mwenyewe, nikaufurahia.

Swali lako la kwanza: hapana. Ungesimama baada ya kusafisha, kungekuwa na njia. Disketi ishirini na mbili juu yake ni kama kulima mahali palipoandikwa kwa kidole. Na ulipouliza Machi ilikuwa imeshapita, kwa hiyo ukimya wangu haukuharibu diski. Umeharibu mengine.

La pili: nilikushauri unyamaze, na nilikuwa najificha mimi nyuma ya ushauri huo. Sema, Spès. Gasana wako amejitwika mzigo wa watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, imekunjwa. Ni ya Mzee. Umesema aliwahi kufundisha Bujumbura ujanani mwake, basi Kiswahili anakisoma. Nimeandika jina langu, kazi yangu ya kweli, na nilichokosea, mstari kwa mstari. Mpe akiwa ameketi.

Mama nimemwambia Jumapili. Ameigeuza picha ikatazama ukuta. Jana nimeikuta ameirudisha, lakini hazungumzi nayo.

Léonce


Gatsata
26 Septemba 1993

Kaka yangu,

Mbusu Mama, na umwambie picha ile aiache ilipo, koti linakupendeza hata kama si lako. Hapa jua ni kali. Tangu mkataba wa amani utiwe sahihi Agosti, watu wameanza kupanda tena barabara ya kaskazini, wakirudi na magodoro yale yale. Gasana anasema visima alivyopima vitabaki bila wanywaji, na anaomba iwe hivyo.

Karatasi yako ilikaa ndani ya blauzi yangu siku kumi na mbili. Mtu anaweza kuwa na ujasiri asubuhi na kuukosa kabla ya uji kupoa. Jumatano iliyopita Databukwe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akimenya maharagwe, jambo ambalo wanaume wa umri wake hawalifanyi, na alikuwa akinimenyea mimi. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti, nikasema: "Databukwe, si Gasana. Ni mimi. Zilipofutwa yeye hakuwepo hata nyumbani." Nikampa karatasi.

Aliisoma polepole. Kidole kilirudi juu, akasoma tena mahali pamoja. Nikasikia maharagwe yakidondoka siniani moja moja kutoka mkono wake mwingine.

"Kwa hiyo," akasema, "ungeandika jina langu, mashine ingekataa."

"Ingekataa, Databukwe."

"Na hukuliandika kwa kuniheshimu."

Nikaitika kwa kichwa.

"Heshima yako imenilia nyimbo mia moja themanini na tatu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu anayesahihisha hesabu. "Na mume wako akaongeza mapenzi yake. Na kaka yako akaongeza ujuzi wake. Nyumba hii ina watu wema kupita kiasi. Mwite yule."

Nilimwita. Gasana alitoka na penseli sikioni, akaniona chini, akaelewa. Akaanza kusema, "Data, huyu amechanganyikiwa na joto..."

"Nyamaza. Ulinidanganya?"

"Ndiyo, Data."

"Ukaniacha nikatae kunywa nawe mbele ya ukoo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ni mke wangu."

Kuku wakaja kwenye maharagwe, na Mzee hakuwafukuza. Kisha akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema, sitaki nisahau hata neno: "Nyimbo nilizipoteza Machi, siku moja, na hazikupotezwa kwa ubaya. Lakini mwanangu nimempoteza miezi sita, na hiyo sikufutiwa na mtu. Nimeifuta mwenyewe, kila asubuhi, nikimwona anapita hapa. Mia moja themanini na tatu najua nimlaumu nani. Hiyo miezi sita nani atanirudishia?"

Gasana akalia, Kaka. Sijawahi kumwona. Mabega tu yalitikisika. Baba yake akasogea kwenye benchi, akapiga ubao mara mbili kwa kiganja, na Gasana akaketi kama mtoto wa darasa la kwanza. "Usilie hivyo," Mzee akasema, "utaniambukiza na nimevaa miwani." Wakakaa. Mimi nikabaki chini pale pale, hakuna aliyeniinua, na nilijua hiyo ni haki yangu.

Kisha Mzee akanitazama. Nikamwambia nitakwenda mimi kwa wanawake, kilima kwa kilima, kama mkewe alivyofanya, hata miaka kumi na moja. Akatikisa kichwa. "Wengi wao wamekufa au hawajulikani walipo. Na wewe huna mtoto mgongoni. Mwanamke asiye na mtoto akiulizia nyimbo hizo ni kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua, hawatakuimbia. Zilizokwenda zimekwenda. Usinipe ahadi kwa sababu tu umeogopa."

Sijasamehewa, Kaka, au sijui. Haniiti tena mwanangu. Ananiita Spès, kwa sauti ya kawaida. Ndizi iliyoiva sasa anaikata vipande vitatu, kila mtu chake. Usiku wa jana walikula pamoja, wakabishana kuhusu mtaro, Mzee akamwambia Gasana, kwa jina lake, kwamba mtu anayepima maji ya nchi nzima na kushindwa na mtaro wa nyumbani kwake arudishe cheti. Gasana alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa nasuuza vyombo, nikauzima moto uliokwishazimika, sikujua mikono niipeleke wapi. Nampenda mume wangu kwa namna nyingine sasa. Zamani nilimpenda kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Sasa najua imechimbwa, na nani alichimba.

Kuhusu wewe. Nilimwuliza Databukwe nikujibu nini. Akaifungua karatasi yako tena. "Ameandika vizuri," akasema. "Lakini msamaha hautumwi kwa dereva wa basi. Aje. Nataka nimwone mtu aliyefundisha kwa uhakika kiasi kile kitu asichokijua. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na mbili, nawajua wenzangu." Nadhani alitabasamu, alikuwa ameinamisha kichwa.

Yeye mwenyewe ametazama kalenda na kuchagua siku: Jumamosi tarehe 23 Oktoba. Anasema mvua zitakuwa bado nyepesi, barabara itapitika, na kule kwenu, tangu mumchague rais mpya Juni, kuna utulivu. Panda basi la asubuhi. Nitakuwa Nyabugogo tangu saa sita mchana, mimi na Gasana, upande yanaposimama mabasi ya Bujumbura. Usibebe zawadi, atazikataa. Na usichelewe, Kaka. Amesema siku hiyo hatagusa chakula mpaka uingie mlangoni, na neno lake akishalisema halirudi nyuma.

Spès wako